Kitenge Kilichobana Mno

Baada ya kumzaa mtoto wangu wa tatu sikutulia popote. Kila nilikofika, kwanza niliuliza choo kiko wapi. Nikikohoa, mkojo unatoka. Nikicheka, unatoka. Siku moja nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, kwenda soko la Tshopo. Tuliruka shimo moja tu, nikalowa, nikashuka kabla ya kufika.

Mama mkwe alikuwa na dawa yake. Kila asubuhi alinikanda kwa maji ya moto, kisha akanifunga tumbo kwa kitenge, goti lake mgongoni mwangu, akivuta na kuniambia:

"Vumilia, mama. Tumbo irudi. Unataka watu waulize kama kuko mutoto mwingine ndani?"

Mimi nikaongeza kosa langu: niliacha kunywa maji.

Kilichoninyima raha ni ubatizo wa mtoto. Siku hiyo wanawake wa kwaya wangecheza wakipeleka sadaka mpaka altareni, na anayetangulia siku zote ni mimi. Sare yetu ni nyeupe.

Siku ya chanjo ya mtoto, nikiwa nimeshika mlango wa kliniki tayari kutoka, nilimwambia mkunga shida yangu.

"Bon, sawa, kaa. Hauko wa kwanza leo."

Alinieleza, nami nakueleza wewe. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama wavu, inabeba kibofu. Mimba na uzazi huilegeza. Kitenge kikibana tumbo mno, uzito wote husukumwa chini, juu ya misuli hiyo iliyochoka. Ukijinyima maji, mkojo huwa mkali na kukisumbua kibofu.

"Kaza kama unazuia upepo usitoke mbele ya papa mukwe," alisema. "Hesabu mpaka tano, achilia, pumzika, rudilia. Na upumue!"

Nyumbani nilimwomba mama mkwe asinifunge tena. Alibaki na kitenge mkononi.

"Mimi nilifungwa kwa batoto saba."

"Na wewe mkojo haukukutoka, mama?"

Aliangalia pembeni. "Njo maana sichezaka tena kanisani."

Nilikaza kila siku, kwa wiki nyingi, nikimenya mihogo, nikinyonyesha, bila kujua kama kuna kinachobadilika. Jumapili ya ubatizo nilivaa kitambaa kinene ndani, nikatangulia. Kwenye ubeti wa pili tone moja lilitoka. Niliogopa, miguu ikataka kugeuka. Nikakaza, nikapumua, nikacheza mpaka altareni.