Waridi Lililoshiba Maji

Mume wangu aliponitoa katika nyumba tuliyoishi miaka kumi na tisa, dada yake alikuja kusimamia ugawaji wa vyombo. Kusimamia kwenyewe kulikuwa kunyoosha kidole: hiki cha kaka yangu, na hiki nacho cha kaka yangu, hata cherehani yangu. Alipofika barazani alikuta mawaridi yangu mawili ya jangwani, niliyoyaotesha kwa mbegu za ganda moja. Moja lilikuwa limejaa maua mekundu. La pili lilikuwa limepukutisha majani kwa sababu ya baridi, limebaki shina nene kama tumbo, na vijiti juu yake.

Wifi akalikumbatia lile lenye maua. "Hicho kijiti ubaki nacho," akaniambia. "Mnafanana."

Nilikifunga kijiti changu kwa kipande cha shuka nikaondoka.

Nilipanga chumba kimoja chenye ngazi tatu za saruji mlangoni, zinazopigwa jua tangu asubuhi. Joto liliporudi, kijiti kikachipua. Sasa nina makopo kumi na manne kwenye ngazi hizo, yote yametokana na matawi yake. Nikitoka kufagia ofisi za watu, hapo ndipo ninapokaa. Kazi ya kuyatunza ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: mchanga mwingi, udongo kidogo, vipande vya matofali chini, na kopo litobolewe. Kabla ya kumwagilia nabonyeza tumbo. Likiwa gumu, naliacha. Mama mwenye nyumba ananiita daktari wa matumbo.

Mwaka wa tatu, Jumamosi moja, wifi akaja amekumbatia beseni. Waridi lake, yaani langu, lilikuwa limeinama, majani ya manjano, tumbo limelegea kama nyanya iliyosahaulika kapuni.

"Hodi, wifi. Usinifukuze."

"Nikufukuze kwani hapa kwa kaka yako?"

Akalimeza neno hilo. "Nimelimwagilia kila asubuhi, wifi. Kila asubuhi! Hata mimi mwenyewe sinywi maji hivyo."

"Ndivyo ulivyoliozesha."

Nilitaka kumwambia arudi nalo alikotoka. Maneno yalishafika mdomoni. Lakini mkono ulinitangulia, nikabonyeza. Upande mmoja ukazama, upande wa pili ukakataa. Na ule mti haukunikosea kitu.

Nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, maana utomvu wake ni sumu, nikakipitisha kisu motoni. Nikakata. Ndani palikuwa peusi, pananuka. Nikakata tena.

"Basi, wifi, utalimaliza!"

"Nikiacha uozo hata wa ukucha mmoja, utarudi wote. Shika hapa, acha kulia."

Akashika. Nilikata mpaka nikaona nyama nyeupe tupu. Tumbo likabaki theluthi. Nikapaka unga wa mkaa kwenye kidonda, nikaliweka juu ya kabati, bila udongo, bila maji.

"Litapona?"

"Sijui. Kidonda kikauke kwanza."

Tukanawa. Akakaa kwenye ngazi, akayatazama makopo yangu muda mrefu.

"Lilikuwa lako," alisema. "Na ile cherehani. Nilijua ni vyako, ila nilikuwa nakula kwa kaka."

"Nilijua kwamba unajua."

Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sijamsamehe. Cherehani ile nilikuwa nayo kabla sijaolewa. Lakini neno lile nililisubiri miaka mitatu, na siku hiyo chai niliinywa ikaniteremka vizuri.

Baada ya siku kumi nililipanda kwenye mchanga mkavu. Wiki ya saba likatoa chipukizi mbili, kijani kama za mtoto wa mti. Wifi akaomba alichukue. Nikamwambia litakaa hapa, kando ya ndugu yake, yeye atakuja kulitazama.

Anakuja kila Jumamosi. Amejifunza kubonyeza kwa kidole kimoja. Juzi alikuta tumba jekundu, akapiga kigelegele mpaka mama mwenye nyumba akachungulia.

"Wifi, hata kijiko kimoja cha maji? Cha pongezi tu?"

"Thubutu."

Akacheka, nami nikacheka. Hata hivyo, kila Jumamosi kabla hajafika, naingiza ndoo ya maji ndani na kufunga mlango.