Masjala Juu ya Meza ya Pasi

Siku Karani alipostaafu walimpa saa ya ukutani, wakapiga naye picha, wakamsindikiza mpaka getini. Walichosahau ni kumnyang'anya masjala. Alitoka nayo kichwani, akaingia nayo nyumbani, na mtu wa kwanza kuonja joto ya jiwe alikuwa mkewe.

Mkewe ni dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kiwanda chake: meza ndefu iliyofunikwa blanketi na shuka, pasi mbili, kamba iliyovutwa toka ukuta hadi ukuta, na mashati ya watu yananing'inia kama mkutano wa wasio na vichwa. Mtaa mzima humwita Mama Pasi. Kwa miaka mingi chumba kile kilizoea sauti moja tu, ya chuma cha moto kikipita juu ya kitambaa chenye unyevu. Kisha Karani akakaa wiki tatu bila jalada la kushika, mikono ikaanza kumwasha.

Alianza na kabati la vyombo. Mama Pasi alirudi kutoka kupeleka nguo za mteja, akakuta vikombe vimebandikwa namba.

"Baba," akasema, "hiki kikombe ni namba kumi na saba. Sasa mgeni akija nimpe chai au nimpe faili?"

"Kimoja kikipotea utajuaje?"

"Nitajua. Nitakosa pa kunywea."

Akaona huyu mwanaume asipopata shughuli atamwekea mhuri hata yeye mwenyewe. Na shughuli ikajileta. Simu yake Mama Pasi ilijaa. Alikuwa na desturi ya kupiga picha kila nguo iliyokuja na doa, kesho asije akaambiwa doa ni lake, lakini sasa simu ilimjibu kila mara kwamba hakuna nafasi. Kilichoijaza ni sauti za Bi Mkubwa, mama yake mzazi.

Bi Mkubwa hakujua kuandika, wala hakuona sababu ya kujua. Aliishi mbali, na miaka minne ya mwisho ya uhai wake alimtumia binti yake ujumbe wa sauti: asubuhi kuuliza wameamkaje, mchana kulilalamikia jua, jioni kumsema mkwe wake. Hasa kumsema mkwe wake. "Huyo karani wako," ndivyo alivyomwita, kana kwamba binti yake alimwokota ofisini pamoja na pini za karatasi. Alipofariki ziliachwa sauti mia mbili na kumi na moja. Mama Pasi alizisikiliza akipiga pasi, moja baada ya nyingine, akicheka peke yake, wateja wakidhani mvuke umempanda kichwani.

"Nitajenga ghala," Karani akatangaza. "La nyumba nzima. Picha, sauti, karatasi, vyote vinakaa kwenye mtambo mmoja, na kila mtu anavifungua kwa simu yake humu humu ndani. Wenyewe wanaita seva. Na sitatumia hela ya maana."

Kuhusu hela hakusema uongo. Kompyuta ilitoka ofisini kwake kwa zamani, moja ya zile zilizowekwa nje zikisubiri kutupwa. Feni yake ilikohoa kama mvutaji wa siku nyingi. Diski mbili za kuhifadhia zilitoka kwenye mtambo wa kamera za ulinzi za duka fulani; zilikuwa zimekesha miaka sita zikitazama watu wakichagua sabuni. Programu ya kuendesha ghala ni ya bure. Waya wa kuliunganisha na mtandao wa nyumbani alipewa. Na fundi wa kumwonyesha njia alikuwa Dada Waya, mwanamke mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta nyumba ya tatu, ambaye hujizungushia nyaya shingoni kama wenzake wanavyovaa mikufu.

Dada Waya alimweleza bila kumficha. "Mzee, hizi diski zimechoka. Bahati yako ziko mbili. Fanya moja iwe kivuli cha mwenzake: ukiweka kitu huku, na huku kinajiandika chenyewe. Moja ikifa, unacheka tu."

Karani akamtazama kama mtu aliyeambiwa atoke nje bila suruali. "Nakala mbili za jalada moja?"

"Ndiyo maana yake."

"Mwanangu, nimekaa masjala miaka thelathini na moja. Unajua kinachoua ofisi? Si panya. Si moto. Ni nakala! Huyu ana yake, yule ana yake, mkubwa anaamua kwa ile ambayo siyo. Kitu kimoja, mahali pamoja. Basi."

Diski ya kwanza akaifanya ya majalada hai, ya pili ya majalada yaliyofungwa, kama alivyozoea kugawa makabati yake. Dada Waya akakusanya bisibisi zake. "Mtambo ni wako, mzee," akasema, kwa sauti ya fundi anayejua kwamba ataitwa tena.

Mtambo ulihitaji mahali pakavu na umeme wa karibu, na mahali pa namna hiyo palikuwa pamoja tu: rafu iliyo juu ya meza ya pasi. Kesho yake karatasi ikabandikwa ukutani: SAA ZA HUDUMA. Chini yake kwa herufi ndogo, kwamba kati ya saa nane na saa tisa mchana hakuna kuwasha pasi, kwa kuwa mtambo unajikagua na hautaki mvuke. Mama Pasi akaisoma, akaning'iniza juu yake koti la mteja, akaendelea na kazi.

Kisha Karani akazikusanya simu. Alihamisha, akapanga, akaipa kila folda namba. Ilipofika zamu ya mkewe, simu ilikawia kidogo mkononi mwake.

"Na humu unazifuta?"

"Sasa zikibaki humu, za kule zitakuwa za nini?"

Angeweza kukaa ngumu. Anajua kukaa ngumu. Amewahi kugombana na mwenye duka la sabuni mpaka duka likafungwa kabla ya saa yake. Lakini mumewe alikuwa anapiga mluzi. Tangu siku ya ile saa ya ukutani hakuwa amepiga mluzi. Akaitoa simu.

Wiki ileile aliona pia kwamba maboksi yaliyojaa uvunguni mwa kitanda hayapo tena. Akafurahi, akasukumia huko mabeseni yake. Hakuuliza yamekwenda wapi.

Jumamosi moja asubuhi akaja mdogo wake Mama Pasi, kwa basi la usiku kucha, na begi dogo la mtu asiyekuja kukaa. Huyu ndiye aliyeishi na Bi Mkubwa na kumuuguza, kumnywesha, kumgeuza, kumsikiliza. Na kwa kuwa waliishi nyumba moja, hakuna siku mama alikuwa na sababu ya kumtumia ujumbe. Alibaki na kanga zake, fimbo yake, na mwiko wake, lakini sauti hana.

"Dada," akasema kabla hata ya kuvua viatu, "nimeanza kuisahau. Nakumbuka maneno, sauti yenyewe siisikii. Niwekee hata moja."

Karani akatokea na fomu.

"Karibu sana shemeji. Jaza hapa tu. Jina. Uhusiano na jalada. Sababu ya maombi."

Shemeji mtu akaitazama fomu, akamtazama dada yake, dada yake akaangalia darini. Akachukua kalamu. Kwenye uhusiano na jalada akaandika: *Limenizaa*.

"Hilo si jibu rasmi," Karani akasema.

"Nenda kamuulize jalada."

Karani akagonga mhuri, maana alikuwa nao, akafungua simu yake, akaingia ghalani. Picha zikaja. Akaelekea kwenye majalada yaliyofungwa. Kikaanza kuzunguka kile kiduara cha kungoja. Juu ya rafu kitu kikalia, *tik*. Kikanyamaza. *Tik. Tik. Kwaa.*

Mama Pasi akainua pasi juu ya shati. "Hiyo sauti ni ya nini?"

"Inajikagua."

"Saa nne asubuhi? Karatasi yako inasema saa nane."

*Kwaa*, mtambo ukamjibu badala yake. Jasho likamtoka Karani, na pasi haikuwa upande wake.

Dada Waya alifika na kompyuta yake ndogo na nyaya zake. Akazima ghala, akaichomoa ile diski ya pili, akaiweka sikioni kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Ni mvuke!" Karani akawahi. "Nilisema mvuke!"

"Ni uzee, mzee. Mvuke haujaifikia." Akaiunganisha na kompyuta yake pale pale juu ya meza, akaiwekea chini kitambaa cha maji baridi. "Sikilizeni. Inasoma kwa kuchechemea. Ikipata moto inagoma, na ikigoma mimi sitaiamsha tena. Natoa folda moja moja. Niambieni ipi kwanza. Sitaki hotuba."

"Namba moja," Karani akasema papo hapo.

"Namba moja ina nini?" Mama Pasi akauliza.

Akakohoa. "Utumishi. Barua ya kuajiriwa. Kuthibitishwa kazini. Kupandishwa cheo, mara tatu. Ile ya pongezi ya mkurugenzi. Zangu zote."

"Si una karatasi zake?"

Karani akaugeuzageuza mhuri mkononi.

"Baba. Yale maboksi ya uvunguni?"

"Nilipomaliza kuziskani nilizichoma. Nyuma ya nyumba. Ndio utaratibu. Kitu kimoja, mahali..."

"Na mama yangu ana namba ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Folda inaitwaje?"

Karani akajifanya hakusikia. Dada Waya, ambaye kioo kilikuwa mbele yake, akasoma kwa sauti: "Malalamiko ya Nje."

Mdogo wake Mama Pasi akaziba mdomo kwa kiganja, na hakuna aliyejua kama ni kilio au kicheko. Mama Pasi akaichomoa pasi ukutani, akaisimamisha, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa mengi na makali, yamepangwa mstari, linalotaka kutoka linalisukuma lenzake. Kisha akamwona mwanaume mwenyewe. Alikuwa amesimama katikati ya mashati ya watu, mhuri bado mkononi, na kote duniani hakuna karatasi iliyobaki ya kusema kwamba aliwahi kuwa mtu fulani mahali fulani, isipokuwa zilizo ndani ya kile kichuma kinachokohoa. Akayaacha maneno yake.

"Amua wewe," akasema. "Masjala ni yako."

"Inapata moto," Dada Waya akasema.

Karani akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati la mteja, jambo ambalo siku nyingine lingemfukuzisha chumbani. Akamwangalia shemeji yake, na begi lake dogo.

"Thelathini na nne," akasema.

"Mzee, una hakika? Huenda ikawa hiyo tu."

"Mimi nilikuwepo ofisini. Nakumbuka. Huyu," akamwonyesha shemeji kwa mhuri, "ndiye anayesahau. Toa thelathini na nne!"

Zikaanza kutoka. Watu wanne waliinamia kioo, wanahesabu kimoyomoyo. Kumi. Arobaini. Diski ikakwama, Dada Waya akabadili kitambaa, ikaendelea. Mia na ishirini. Tik. Mia na themanini. Mama Pasi alikuwa amemshika mdogo wake mkono mpaka vidole vimebadilika rangi. Ya mia mbili na kumi na moja ilipoingia, Dada Waya hakungoja kushangiliwa; akarukia namba moja. Ukurasa mmoja ukapita. Kisha *kwaa* ndefu, na kimya ambacho hata asiye fundi angekielewa.

Wakaufungua huo ukurasa mmoja. Ilikuwa barua ya onyo ya mwaka wake wa pili kazini: kuchelewa kurudi kutoka mapumziko ya chakula.

"Angalau una ushahidi kwamba ulikula," mkewe akasema, na wote wanne wakacheka, Karani wa mwisho.

Sauti zikarudishwa kwenye simu ya Mama Pasi, wakakaa kusikiliza. Bi Mkubwa akajaa chumbani na jua lake, na miguu yake, na kuku wa jirani. Mdogo mtu alilaza kichwa juu ya meza ya pasi, macho amefumba, anaitika, "Eeh, mama. Eeh." Karani alikuwa mlangoni, tayari kuondoka, maana alijua zamu yake haiko mbali. Ikafika.

"*Nimesikia huyo karani wako wamempandisha tena. Sasa eti karani mkuu. Haya. Mwambie asije kwangu na kifua mbele, mlango wangu mwembamba.*" Kikapita kitambo, anavuta pumzi. "*Lakini nimewaambia hapa. Nimewaambia wote. Yule wa kinu cha unga nimemrudia mara mbili kwa sababu ni kiziwi. Usimwambie kama nimesema.*"

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mama Pasi alichomeka pasi yake, akaupima moto kwa tone la maji.

"Miaka yote hii," Karani akasema, "hukuniambia."

"Si umesikia nilivyokatazwa?"

Akaja taratibu mpaka mezani, akaichukua simu, akairudisha nyuma kidogo, akaiweka sikioni. Akairudisha tena. Akavuta kiti, akafungua daftari lake ukurasa mpya, akatoa kalamu.

"Hao wote aliowaambia," akauliza, "ni wangapi?"