Aliyevua Gwanda Mkewe Apande Cheo

Mke hawezi kuwa mkuu wa mumewe kwenye kituo kimoja cha polisi. Ndivyo sheria ya jeshi lao inavyosema. Miaka tisa iliyopita mke alipandishwa kuwa mrakibu, akakabidhiwa kituo ambako mumewe alikuwa sajenti. Mmoja ilibidi aondoke. Akaondoka mume, akiwa amebakiza miaka minne kuifikia pensheni.

Saa kumi na moja alfajiri, mume huyo anapuliza mkaa.

Kibanda chake cha bati kinatazamana na lango la kituo kile kile. Ndani kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi, kopo la maji lenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari, na pasi mbili za mkaa. Umeme upo, ila kwa kazi hii hautaki. "Pasi ya umeme ni nyepesi," anasema. "Sare ya polisi inataka uzito."

Askari wapya wanamwita Mzee Pasi. Wale waliowahi kuwa chini yake bado wanamwita Afande, halafu wanaomba wapunguziwe bei.

Leo mezani kuna sare moja tu. Ni ya mkewe, ambaye sasa ni mrakibu mwandamizi katika ofisi kuu ya polisi ya mji. Saa tatu atakaa mbele ya bodi ya vyeo, kuhojiwa kwa nafasi ya kamishna msaidizi.

Si suala la nyota begani tu. Mrakibu mwandamizi hustaafu akitimiza miaka hamsini na mitano, na huyu mama amebakiza miezi saba. Kamishna msaidizi huendelea hadi sitini. Akipata, mshahara unapanda kwa karibu nusu, na pensheni itapigiwa hesabu kwa mshahara huo wa mwisho. Akikosa, wanahama nyumba ya serikali, wakati nyumba yao wenyewe imeishia usawa wa madirisha na binti wa mwisho ndiyo kwanza ameingia chuo.

"Watu wakiona gari na dereva wanasema huyo ameula," anasema Mzee Pasi. "Gari si lake. Ni la cheo. Cheo kikiisha linaondoka na dereva wake, na wewe unabaki barabarani na mkoba."

Analowesha kitambaa cheupe, anakikamua, anakilaza juu ya mgongo wa sare ili nguo isipate mng'aro wa kuungua. Kisha anashusha pasi. Haisukumi, anaiegemea. Mvuke unapanda, na akiinua kitambaa kuna mstari umelala pale, kuanzia chini ya kola hadi kiunoni, umenyooka kama uzi uliovutwa na watu wawili. Hajapima popote. Anapiga wa pili, kisha wa tatu. Ukimtazama unajikuta umebana pumzi.

Walikutana chuo cha polisi. Yeye alikuwa mkufunzi wa gwaride, binti akiwa kuruta. "Mimi ndiye niliyemfundisha kugeuka nyuma," anasema. "Alikuwa anageuka kama lori."

Lori hilo lilimpita. Mke alifaulu mtihani wa kuwa mkaguzi mara ya kwanza. Mume aliufanya mara mbili, akaanguka mara mbili, kwa sababu ripoti ndefu zilimshinda. Cheo cha mrakibu kilipokuja, mshahara wa mke ulikuwa mara tatu ya ule wa sajenti.

Siku alipoambiwa habari za kituo, mke alirudi nyumbani akiwa ameshaamua kukikataa. Mumewe alikuwa chini ya sinki la jikoni anakaza bomba. Alimsikiliza hadi mwisho, akaomba spana nyingine. Ilikuwepo njia ya mume kuhamia kituo cha mpakani, lakini mama mkwe alikuwa kitandani hajiwezi, na aliyekuwa akimnyanyua kumwogesha ni yeye, mkwe. Jumatatu sajenti alikwenda stoo ya kituo, akarudisha mkanda, kofia na buti. Mke aliambiwa na mtunza stoo.

"Nilimnunia wiki nzima," anasema mke, ambaye amefika saa moja asubuhi kuvaa. "Nikawa nampakulia chakula simsemeshi. Yeye kila akipishana na mimi jikoni ananipigia saluti, mwiko mkononi. Mpaka nikacheka."

Pesa alizokatwa kazini kwa miaka ishirini na sita alirudishiwa bila nyongeza. Zilinunua bati, meza, pasi na msingi wa nyumba. Leo, mwezi ukiwa mzuri, kibanda kinamwingizia sawasawa na mshahara wake wa usajenti. Ada ya binti inatoka hapo.

Mke anavaa koti. Mume anamzunguka, anatoa uzi mmoja begani, anarudi nyuma hatua chache.

"Sajenti, vipi?"

"Geuka, Afande."

Anageuka, kisigino kimoja, kimya.

"Afadhali. Lori limeuzwa."

Gari linaondoka. Mzee Pasi anarudi kwenye suruali za wateja, lakini mara mbili anapiga pasi mguu ule ule. Koplo mmoja aliyefuata shati lake anamuuliza, bosi akipanda, yeye atajiita nani.

"Dobi wa kamishna," anajibu. "Na bei inapanda. Anza kukusanya."

Koplo anasema hakuna ndoa kama ile pale kituoni, kisha anaongeza kwamba yeye mke wake hata kofia yake hajui inakaa wapi. Mzee Pasi anamwambia aanze kuosha vyombo, atashangaa.

Saa tisa alasiri mke anarudi. Amemwacha dereva ng'ambo, anavuka barabara kwa miguu. Anakaa kwenye benchi la wateja, anavua kofia na kuiweka magotini. Mume anaiweka pasi juu ya matofali.

"Waliiona mistari?" anauliza.

"Ndiyo iliyoniponza."

Anasimulia taratibu. Mahojiano yalikwenda vizuri. Mwishoni mwenyekiti alimwomba asimame, akamtazama mgongoni, akawaonyesha wenzake, akasema hajaona sare iliyonyooshwa namna ile tangu ujana wake. Akauliza dobi wake ni nani. Naye akajibu ukweli, tena kwa kujivuna: ni mume wangu, yuko mbele ya kituo, anawafulia na kuwapigia pasi askari wote pale.

Mwenyekiti akafungua kitabu cha kanuni. Kuanzia kamishna msaidizi kwenda juu, familia ya ofisa hairuhusiwi kufanya biashara na askari walio chini yake. Kwa vyeo vya chini sheria hiyo haiulizi. Na kamishna msaidizi wa mji ni mkuu wa vituo vyote, kikiwemo hiki.

"Cheo wamenipa," anasema mke. "Ila kibanda kifungwe kabla sijaapishwa. Sijakubali. Nimewaambia kuna mtu wa kumuuliza kwanza. Mwenyekiti akashangaa, eti ofisa wa ngazi yangu anamuuliza nani. Nikamwambia, sajenti wangu."

Mzee Pasi anaitazama sare, si aliyeivaa. Anaona mahali palipokunjamana kwa kukaa kwenye gari, anapanyoosha kwa kiganja.

"Kumbe ningeiunguza kidogo," anasema.

Mke hacheki. Anasema safari hii ni zamu yake, yeye atastaafu, watahama, wataezeka chumba kimoja na kuanzia hapo. Anasema hawezi kumvua mtu mmoja kazi mara mbili.

Mume anamwacha amalize, kama alivyomwacha siku ya bomba. Kisha anafungua mdomo wa pasi, anamwaga makaa chini, anachukua lile kopo na kuyanyunyizia maji hadi moshi unajaa kibanda na wote wawili wanakohoa.

"Afande," anasema, "miaka mitano si ya kuchezea. Ada utalipa wewe. Mimi nitakwenda kusimamia nyumba. Mafundi wale wamezoea kukaa. Sasa watapata sajenti. Ukistaafu, unakuta paa."

Mke anavaa kofia yake. Anasimama wima mbele ya meza ya kupigia pasi, na mbele ya askari wawili wanaotoka langoni, mrakibu mwandamizi anampigia saluti dobi. Askari wale hawajui wafanye nini. Wanapiga saluti nao.

Kwa hiyo vyeo viwili vya mke vimemgharimu mume hivi. Cha kwanza kilichukua miaka ishirini na sita ya kazi, pensheni, na tepe tatu za mkononi. Cha pili kimechukua kibanda cha bati, meza moja, wateja arobaini, na mshahara wa sajenti kila mwezi aliokuwa ameutengeneza upya kwa mikono yake. Pasi moja amemuuzia fundi cherehani wa jirani kwa nusu bei. Ya pili amekwenda nayo nyumbani.