Ofa Niliyoipiga Pasi

Harufu ya plastiki inayopata moto hunirudisha mtaani kwetu Bombambili hata leo, hata nikiwa nimesimama tu kwenye duka la vifaa vya ofisi nikisubiri cheti changu kitoke kwenye mashine. Wenzangu kwenye foleni huangalia simu zao. Mimi huikodolea macho ile mashine.

Nilikuwa darasa la tatu, na tayari nilikuwa mtu wa wasiwasi. Daftari likipata doa, nilichana ukurasa na kuandika wote upya. Mwaka ule jiko la jirani yetu, Mama Osmunda, liliungua. Lilikuwa la nyasi, na juu ya mafiga alikuwa ametundika kapu la mbegu za mahindi, ili moshi uzuie wadudu. Humohumo aliweka vyeti vya ubatizo vya wanawe na ofa, yaani barua ya kumilikishwa kiwanja chao, maana nyumba yao ilikuwa na mchwa na bati lilivuja. Moshi ulimtunzia vizuri miaka yote, kisha mchana mmoja moto ukachukua kila kitu. Nilimwona ameketi chini, anachambua majivu kwa kijiti, anatafuta chochote chenye maandishi.

Ofa yetu sisi ilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Wiki ile tulitangaziwa kwamba viwanja vinahakikiwa, kila mtu apeleke ofa yake ofisi ya ardhi kabla ya Ijumaa kwisha. Mama, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliitoa, akaikung'uta, akasema, "Karatasi hii ndiyo nyumba. Bila hii sisi ni wapangaji wa Mungu tu."

Sikulala vizuri baada ya maneno hayo.

Siku hizo maduka ya watu binafsi yalikuwa yanachipuka mjini kama uyoga, na moja lilikuwa na mashine ya kufunika vitambulisho kwa plastiki. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni hadi nikafukuzwa, nikaondoka nikiamini nimeielewa siri yake: nailoni na joto, basi. Alhamisi mchana, Mama akiwa shuleni, nilichukua mfuko wa nailoni uliokuja na shati jipya la baba, nikaitia ofa ndani, nikaikandamiza kwa pasi ya mkaa.

Nailoni ilijikunja kama utando wa maziwa. Nilipoinua pasi, karatasi ilikuja nayo. Umbo la pasi lilibaki limechorwa kwa kahawia, na muhuri ulikuwa umehamia kwenye plastiki.

Mama alirudi, akaitazama. Kisha akauliza, "Umeungua mkono?"

Kesho yake tulikwenda ofisini wote wawili. Niliachwa kwenye benchi nje ya mlango uliokuwa wazi.

"Shikamoo, Mwalimu. Sasa hii mmeikaanga au mmeichemsha?" karani aliuliza.

"Marahaba. Namba inasomeka, baba."

"Bombambili siku hizi wanapika viwanja!" sauti nyingine ikadakia, na chumba kizima kikacheka.

Kisha yule wa kwanza akaacha kucheka. "Lakini Mwalimu, nitajuaje kama hapa halijafutwa jina la mtu? Nani kaifanya hivi? Inabidi aandike maelezo, yaingie kwenye jalada."

Nilisimama. Mama akageuka, akanitazama. "Kaa."

Akapewa kalamu. Aliandika muda mrefu. Walilinganisha na nakala yao, wakakubali, na baada ya majuma kadhaa tukapata ofa nyingine. Siku ile, njiani tukirudi, Mama alisema neno moja tu: "Leo utapika wewe. Ugali, siyo karatasi."

Nakiri kwenu jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwa miaka mingi niliamini jina langu limo kwenye jalada la serikali kama mharibifu. Mama alipofariki, niliahirisha kufuatilia hati ya nyumba mara nne kwa sababu hiyo tu.

Mwaka jana nilikwenda. Afisa alifungua jalada, akanisogezea nihakiki kila ukurasa. Maelezo yalikuwemo, kwa mwandiko wa Mama uliosimama wima, ule niliojifunzia herufi. "Niliipiga pasi mwenyewe kwa kutojua. Nyumbani hakuna mtu mwingine aliyeigusa."

Mwalimu, aliyewasimamisha watoto juani kwa uongo mdogo kuliko huo.

Nilisoma mara tatu. Afisa akaniuliza kama kuna kosa la kurekebisha.

"Hapana," nikamwambia. "Liache hivyohivyo."