Bastola ya Siku za Soko

Shemeji yangu alisimama mbele ya ukoo mzima, akajikohoza kama padri, akasema kwamba mimi nisiende tena Bwera, kwenye soko la mpakani, kununua kahawa. Mume wangu alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma, na tangu siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikipanda pikapu kila Jumanne na Ijumaa, siku za soko, na mfuko wa pesa nimeufunga tumboni chini ya gomesi, gauni letu refu la mshipi. Wauzaji kutoka ng'ambo ya mpaka hawataki karatasi wala ahadi. Wanataka noti mkononi, hapo hapo, kahawa ikiwa bado kwenye mizani.

Sababu ya kikao kile ilikuwa wezi. Wiki mbili kabla, wanaume wawili walitusimamisha barabarani tukitoka Kasese, wakampiga dereva wangu panga la bega, wakauchukua mfuko. Mmoja nilimng'ata mkono. Shemeji alilitaja hilo la kung'ata kana kwamba mimi ndiye niliyekosa.

"Mwanamke hawezi," alisema. "Pikapu nipewe mimi, na leseni ya kununua kahawa ihamishwe. Shemeji atakaa nyumbani, tutamtunza."

Nilimjua vizuri na kutunza kwake. Mbuzi wa marehemu aliowatunza walikuwa wamekwisha mmoja mmoja, kila sikukuu na mchuzi wake. Nikasimama na mimi. Nikasema nitanunua bastola, kwa njia ya sheria, na nitaendelea kwenda Bwera. Walicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa na chai. Walipomaliza kucheka wakanipa muda: msimu mkubwa wa kahawa ukianza kabla sijapata kibali, pikapu ni ya shemeji. Nilikubali kwa hasira, na hasira yangu mimi huwa haipoi haraka.

Kibali cha bastola huanzia kwa mwenyekiti wa kijiji. Yeye huita majirani, nao husema kama wewe ni mtu wa fujo au mlevi, na mtu wa damu yako lazima asimame akudhamini. Nilimleta baba yangu kutoka Ibanda. Alikuwa mzee aliyefanya kazi migodini Kilembe ujana wake wote, na Kiswahili chake alikiokota huko chini ya ardhi. Alisimama pale uani kwa mwenyekiti, kofia mkononi, akasema mimi ni mtoto wake na ananijua. Tulipokuwa tunarudi ndipo alipozungumza na mimi peke yangu.

"Nimesema juu yako," aliniambia. "Lakini bunduki haina adabu, mama. Wewe iko na adabu ile nilikupa. Usiache ikufundishe yake."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Niliona ni maneno ya uzee tu.

Barua ya mwenyekiti ilizunguka ofisi baada ya ofisi. Nikapelekwa hata kwa daktari kupimwa akili, naye akaniuliza kama huwa nagombana na watu. Nilimwambia nagombana na watu wa mizani tu. Akacheka, akagonga muhuri.

Hatimaye nilikwenda Kampala kwenye duka lenye ruhusa ya kuuza silaha. Muuzaji alikuwa kijana mwenye marashi mengi. Aliponiona tu akatoa bastola ndogo, nyembamba, inayong'aa, akasema hii ndiyo ya akina mama, inaingia hata kwenye pochi. Niliipokea. Ilikuwa nyepesi kweli. Lakini nilipojaribu kuvuta kile chuma cha juu kirudi nyuma, kile kinachoingiza risasi ya kwanza, vidole vyangu viliteleza. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikatwa ncha na mashine ya kukoboa kahawa zamani, na chuma kile kilikuwa na springi kali. Muuzaji akasema nitazoea. Nikamwambia, wewe ukizoea kulala njaa, nitazoea na mimi.

Akaleta ya pili, kubwa, ya chuma kitupu. Hiyo ilivutika vizuri, na kwenye chumba chao cha majaribio ilipiga kwa utulivu bila kunirusha mkono. Nilipoivaa kiunoni gomesi ilishuka upande mmoja kama nimebeba jiwe la kusagia. Kwa mazoezi ilinifaa. Kwa safari ya Bwera, kukaa garini saa nzima na kupanda juu ya magunia, ingenivunja nyonga.

Ya tatu niliiona mwenyewe nyuma ya kioo. Ilikuwa imetumika, ya Kicheki, rangi imechubuka pembeni, umbo la kati. Mpini wake ulijaa kiganja, na kidole kilifika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Chuma cha juu kilikuwa kimeshalainika kwa mikono ya watu wengine. Magazini zake, vile visanduku vya kuwekea risasi, zilikuwa mbili, na risasi zake ni zile za kawaida ambazo hata Kasese mtu hupata kwa kibali bila kutumwa mbali. Nilipiga risasi kumi. Ile ya kumi ilikwenda karibu na ya kwanza. Muuzaji alinung'unika kwamba ni kuukuu na haina sura. Nilimwambia siendi nayo harusini, na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wangu. Nikaichukua hiyo.

Lakini kuinunua si kuipata. Ilikaa kwenye stoo ya polisi Kasese, ikitolewa kwa mazoezi tu, mpaka mwalimu wa shabaha aandike kwamba najua kuitumia. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanajeshi mstaafu, mvi kichwa kizima, anachechemea, umri wa baba yangu. Alitufundishia kwenye shimo la zamani la kuchimbia mawe upande wa Bulembia. Tulikuwa wanafunzi watano: mimi, na wanaume wanne wenye maduka na malori. Mmoja wao, Hajji mnene mwenye malori ya kwenda mpakani, alikuwa akinipigia makofi kila nikilenga vizuri. Nami nililenga vizuri. Siku ile ya kwanza nilipiga kuliko wote, nikaanza kujisikia.

Ndipo mwalimu akaita nyuma yangu, "Mama!"

Sasa, mimi nimelelewa kwetu. Mzee akikuita, humjibu kwa kisogo. Unageuka mwili mzima, unashika ulichonacho kwa mikono miwili, unakunja goti, unasema ndiyo baba. Sikufikiri hata kidogo. Niligeuka. Mikono miwili mbele, bastola imekokiwa, goti linakwenda chini kwa heshima zote, na mtutu ukapita kwenye vifua vya watu wote waliokuwa pale.

"Ndiyo, baba," nilisema.

Hakukuwa na baba. Wote walikuwa wamelala kwenye kokoto. Hajji alilala na tumbo lake lote, kofia imeviringika mbali, akitamka shahada kwa sauti.

"Weka chini!" mwalimu alinguruma kutoka ardhini. "Chini! Mukono mbali!" Akainuka, akaja akichechemea. "Wewe mama unataka kuua mimi na heshima?"

"Afande, uliniita."

"Niliita, ndiyo! Iko kazi yangu kuita! Kazi yako iko mbele! Hata Mungu akiita, mbele!" Akaiokota bastola. "Leo basi. Rudi wiki mbili. Ukigeuka tena, mimi siandiki, na hakuna mara ya tatu."

Wiki mbili hizo ndizo zilizokuwa zimebaki kabla ya msimu. Niliona aibu, kisha nikaona hasira, kisha nikaona kazi. Nilimwita dereva wangu, ambaye kovu la panga lilikuwa bado jekundu begani. Kila asubuhi nilisimama nyuma ya stoo ya kahawa, nimeshika pasi ya mkaa kwa mikono miwili, nimeelekea ukutani, naye anapita nyuma akiniita. Mama! Mama, wageni! Mama mkwe amefika! Siku nne za kwanza niligeuka kila mara na kukunja goti. Nilijipiga paja kwa hasira. Siku ya tano nilibaki nikitazama ukuta, jasho linanitoka, na masikio yanawaka kwa aibu ya kumpa mtu kisogo. Jirani yangu aliyenisalimia siku ile sikumjibu mpaka nilipoweka pasi chini. Alieneza habari kwamba pesa za kahawa zimenipanda kichwani.

Siku ya mtihani nilipiga magazini ya kwanza vizuri. Nikaweka ya pili. Mwalimu yuko nyuma yangu. Nilikuwa nimebakiza risasi tatu niliposikia sauti.

"Mama."

Haikuwa ya mwalimu. Ilikuwa ya baba. Baadaye niliambiwa kwamba afande alimtumia mtu amlete kutoka Ibanda, eti mdhamini naye aweke sahihi. Hakumweleza chochote kingine. Alimwambia tu, mwite mtoto wako. Baba amekuwa akiniita hivyo tangu nizaliwe, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, na sikuwahi hata siku moja kumfanya aite mara mbili.

"Mama!" aliita tena.

Sikugeuka. Nilipiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikatoa magazini. Nikavuta chuma nyuma, nikachungulia ndani, hakuna kitu. Nikailaza mezani, mtutu ukiangalia mlima. Hapo ndipo nilipogeuka, nikapiga magoti kwenye kokoto.

"Ndiyo, baba."

Mwalimu alikuwa tayari anaandika. Baba aliweka sahihi yake. Nilimrudisha Ibanda kwa pikapu, nikiendesha mwenyewe, na njia nzima nilikuwa na furaha niliyoogopa kuionyesha. Alipofungua mlango wa gari, alisema:

"Mara ya kwanza nilidhani haukusikia. Mara ya pili nilijua umesikia."

Akaenda zake ndani. Neno hilo liliniuma kuliko panga. Nililia kwenye usukani, lakini sikumfuata kuomba radhi. Ningeomba radhi kwa kosa gani? Nisingeweza kuahidi kwamba nitageuka bastola ikiwa mkononi.

Kwa karatasi ya mwalimu, polisi walinipa kibali na bastola siku moja kabla ya msimu kuanza. Ijumaa iliyofuata, msimu ukiwa umeanza, nilikwenda Bwera, bastola ndani ya ala ya ngozi kiunoni. Shemeji alikuwa amesimama barabarani anaangalia pikapu ikipita. Nilimpungia mkono, kwa ubaya, nakiri. Muuzaji mmoja wa ng'ambo aliona gomesi imevimba, akasema, "Mama, leo uko na askari wako." Nikamwambia apime kahawa. Tulipakia magunia mpaka jua likawa kali, na hakuna aliyetugusa.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipitiliza Kasese mpaka Ibanda, nikashuka na kilo ya nyama na sabuni. Nilikuwa naweka vitu barazani wakati baba alipotokea nyuma ya nyumba.

"Mama."

Niliacha nyama ianguke. Niligeuka kabla hajafunga mdomo, magoti chini, viganja vyote viwili wazi mbele yake.

"Ndiyo, baba."

Alitazama viganja. Akatazama kiuno changu.

"Iko hapo?"

"Iko hapo, baba."

"Na umegeuka."

"Leo mikono yangu ni mitupu."

Akainama kwa shida, akaiokota nyama na kuipangusa vumbi.

"Basi," alisema. "Mimi nitakuwa naita nikiona mikono."