Chai ya Jumatano

Mimi kwetu ni Usa River, na wanaonijua wanajua kwamba nikikasirika sinong'oni. Kwa hiyo habari ya Naeku nitaisema kama ilivyo, na anayetaka kununa anune.

Naeku alikuwa afisa usalama wa wagonjwa katika hospitali yetu hapa Arusha mjini. Jina la hospitali nitaliacha, wenyewe tunajuana. Cheo hicho wengi hawakielewi. Majirani zake wa Lemara walidhani ni mlinzi wa getini, wakawa wanamuuliza kama amepewa bunduki. Kumbe kazi yenyewe ni kuyawinda makosa kabla hayajaua mtu: sakafu inayoteleza, chupa mbili za dawa zinazofanana, mgonjwa anayepelekwa chumba kisicho chake. Zamani alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Aliona mama mmoja akifa kwa kuwekewa damu ya kundi lisilo lake, na wote waliokuwepo wakafunga midomo. Hilo lilimkera mpaka akaenda kusomea.

Njia yake ilikuwa chai. Kila Jumatano asubuhi alituita sisi wauguzi kwenye chumba cha mashuka, bosi hakanyagi. Maandazi alikaanga mwenyewe. Unakunywa, unasema ulipokosea au ulipoponea chupuchupu, kisha mnatafuta pamoja dawa ya jambo hilo. Jina lako halitoki nje ya mlango ule. "Jamani, mficha uchi hazai," alikuwa akituambia, nasi tunacheka, tunasema. Weee, tulisema mengi!

Tena mkurugenzi wetu, Dkt. Sifaeli, alisimama mbele ya wafanyakazi wote akaapa kwamba atakayesema kosa lake mwenyewe hataguswa. Tungeachaje kumwamini? Alikuwa baba wa ubatizo wa Elihuruma, mtoto wa Naeku. Krismasi alikula nyumbani kwa Naeku.

Sasa, wodini kwetu alikuwepo muuguzi kijana, Soila, Mwarusha kama Naeku, binti anayetunza mama na wadogo zake Ngaramtoni kwa kazi ile ile. Siku moja aliingia zamu akiwa na sindano ya kushusha sukari kwa mzee wa kitanda cha dirishani. Hakujua kwamba asubuhi wazee wawili wamebadilishana vitanda, maana mmoja alilalamikia baridi. Mzee aliyemkuta pale, mzee Lemburis, hakuwa na ugonjwa wa sukari kabisa. Alikuwa amelala fofofo, na pembeni ameketi mke wa mwanawe.

Soila akauliza, "Jina la mzee nani?"

Yule mama akainamisha kichwa. "Ni baba," akasema, akaishia hapo.

Mimi Mmeru ningembana mpaka aseme. Lakini kwao Waarusha mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe wake, ni kumvunjia heshima. Soila analijua hilo tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Kumlazimisha mama wa watu kungekuwa aibu ya wote wawili. Akatazama namba ya kitanda, akachoma sindano.

Baadaye kidogo mzee akaanza kutoka jasho, anatetemeka, haongei. Tukakimbizana, tukamwekea maji ya sukari, akarudi. Daktari akasema pengine hakula. Jambo likaisha hivyo, kila mtu akaenda zake. Aliyejua ukweli alikuwa Soila peke yake, aliposikia habari ya vitanda, na angenyamaza, asingejulikana milele.

Jumatano akasema. Alilia mpaka chai ikapoa. Naeku akamkumbatia, na siku hiyo hiyo akaanza kazi: kila mgonjwa afungwe ukanda wa jina mkononi, na mkwe asiulizwe tena jina la mzee, aulizwe mwingine. Jambo rahisi, lakini hakuna wodi iliyokuwa imelifikiria. Kisha akamwambia mzee Lemburis na familia yake ukweli wote, bila kumtaja mtu. Soila mwenyewe ndiye aliyejitokeza akapiga magoti kitandani pa mzee. Na yule mzee, Mungu ampe maisha marefu, akamwekea mkono kichwani. "Huyu mtoto amekuja kusema," alisema. "Mwingine angenizika kimya kimya."

Mwenye mwili kasamehe. Wewe mwingine unadai nini?

Habari ikamfikia Dkt. Sifaeli bila jina, akamwita Naeku. "Mama Elihuruma, ni nani aliyechoma ile sindano?"

"Daktari, unajua siwezi kusema."

"Nataka kumkinga. Maneno yakifika mjini nijue pa kusimama. Mimi ni baba wa ubatizo wa mwanao, jina litafia hapa."

Naeku akamwambia. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba moyo haukusita hata kidogo. Ndiyo hivyo, kikulacho ki nguoni mwako.

Wiki hiyo tukaitwa ukumbini sote. Mkurugenzi, tai imenyooka, akasema hospitali haiwezi kufuga wazembe. Soila amefukuzwa kazi. Kisha akaongeza, bila hata haya, "Nampongeza dada Naeku, ndiye aliyenifikishia taarifa."

Mweh! Nilitamani kumrushia kiatu.

Soila hakumtazama mkurugenzi. Alimgeukia Naeku. "Kumbe dada, chai yako ilikuwa mtego."

Naeku alikwenda Ngaramtoni kuomba radhi. Mama yake Soila alimpokea kwa heshima, akampa kiti, lakini Soila hakutoka ndani. Kwa Sifaeli naye alikwenda, akamuuliza kwa nini. Akajibiwa kwamba uongozi una mambo yake, asiwe mtoto. Alikuja kwangu akalia, akasema ni heri angetukanwa na adui.

Jumatano zikaendelea. Tulikwenda, tulikula maandazi, tukaongelea mvua na bei ya ndizi. Naeku alipouliza nani ana jambo, tuliangalia vikombe. Si kwamba tulimchukia. Tuliogopa. Kila mmoja ana watoto.

Mwisho wa mwaka Dkt. Sifaeli akatukusanya tena, anatabasamu mpaka jino la mwisho. "Tangu tuchukue ile hatua, hospitali yetu haijaripoti kosa hata moja. Hata moja! Dada Naeku, simama tukupigie makofi."

Makofi yakapigwa. Naeku akasimama, akangoja yaishe.

"Asante, daktari," akasema. "Mama yangu mzazi anapasuliwa wiki ijayo. Nampeleka hospitali nyingine."

Akaketi. Ukumbi mzima tukamtazama mkurugenzi, naye akawa anatafuta miwani yake, na miwani alikuwa ameivaa.