Tulipopaka Chokaa Chumba cha Binamu

Nyumba ya shangazi yangu pale Ujiji ilikuwa na chumba kimoja kizuri, na hicho ndicho kilichofungwa kwa kufuli. Kilikuwa upande wa ziwa, kina madirisha mawili, upepo unaingia huku na kutokea kule. Sisi wenye kazi tulibanana ukumbini, ambako hata saa sita mchana ilibidi usogee mlangoni ili utunge uzi kwenye sindano. Mimi nilikuwa na cherehani. Mume wa shangazi, niliyemwita Baba, alikuwa na taipureta ya tangu enzi za ukarani wake wa reli, na baada ya kustaafu aliwapigia watu chapa maombi na barua zao. Nikikanyaga cherehani, meza yake inatikisika. Yeye akigonga herufi, uzi wangu unakatika, au ndivyo nilivyodai. Tulinuniana kwa heshima.

Nilikuwa nimevuka kutoka Uvira wakati wa vita, na begi moja tu. Miaka ile Kigoma ilijaa watu wa ng'ambo ya ziwa na wengi walipelekwa kambini. Mimi nilibahatika kuwa na shangazi mwenye nyumba, dada wa baba yangu, aliyeolewa Ujiji kabla sijazaliwa. Alinipeleka mwenyewe kwa mjumbe, akasema huyu ni damu yangu, akanitandikia. Nilimshukuru kwa moyo wote, lakini sikujaliwa kushukuru na kunyamaza kwa wakati mmoja, na habari ya giza la ukumbi niliisema kila siku.

"Huku iko giza sana, shangazi," nilimwambia. "Na ile chumba iko bure."

"Iko, iko," alinidhihaki. "Chumba kile kina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa binamu yangu, mtoto wao wa pekee. Alifanya biashara ya vitenge na sabuni kati ya Kigoma na kwetu, na kila alipovuka alifikia kwa baba yangu, akinitania kwamba mimi ni mke wake ila mahari imemshinda. Vita vilipoanza alipanda lori la kuelekea mji wa Baraka. Lori lilionekana limeungua kando ya njia. Watu wake hawakuonekana. Habari hiyo ni mimi niliyeileta Ujiji. Shangazi aliisikiliza mpaka mwisho, akaenda uani kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa. Baba alisema kuungua kwa lori si kuungua kwa mtu.

Basi ikawa hivyo. Halikukaliwa tanga, haikusomwa khitma. "Hatumsomei mtu aliye hai," Baba alisema, na majirani, kwa kumheshimu, hawakuthubutu kutoa pole. Lakini shangazi alikuwa amekwisha kuelewa. Alikuwa mama aliyefiwa asiye na ruhusa ya kulia ndani ya nyumba yake, na nilimwona akikonda, kanga ikimzunguka kiunoni mara mbili. Niliamini kwamba jambo lile lingemuua.

Masika yalipoanza, bati la ukumbi likavuja juu ya taipureta. Baba aliifuta kwa kanzu yake, akaitazama, akaenda chumbani kwake, akarudi na ufunguo. "Tutakitumia mpaka atakaporudi," alisema. Aliusema wingi huo na yeye akiwemo.

Nilikishika chumba kile kwa mikono miwili. Nilitaka kuta nyeupe, tena nyeupe iliyotiwa bluu kidogo ya kufulia, maana chokaa tupu huumiza macho ya mshonaji. Nilitaka rafu, na tukapata mbao za boti kuukuu kule Kibirizi, bado zinanuka dagaa. Vikapu vya kuwekea uzi na vifungo nilivifuata Mwandiga, nikachagua mpaka muuzaji akaniuliza kama nakwenda kuviposa. Mapazia niliyaunga kwa vipande vya vitenge vilivyobaki kwa wateja. Jambo lililotushinda ni dirisha la ziwani. Nililitaka mimi, kwa ajili ya mwanga wa jioni. Baba naye alilitaka. Nikamwambia kwamba taipureta haihitaji kuona, herufi zake hazihami. Alikuwa amesimama pale dirishani akitazama boti za kutoka ng'ambo zikikata kona kuingia ufukweni, nikazitazama na mimi, nikamwachia dirisha.

Siku ya kupaka chokaa tuliamka mapema. Tulitoa kila kitu: kitanda, godoro, viti, meza. Tukavipanga mbele ya nyumba, tukatandika mikeka ya kuwekea vitu vidogo, tukafungua mlango wa mbele wazi kabisa. Kati ya sisi watatu, hakuna aliyekumbuka viti vikitolewa nje asubuhi na mikeka ikatandikwa humaanisha nini mahali kama Ujiji. Ng'ambo hata mtoto mdogo anajua, na Ujiji vilevile. Tulikuwa tumeshughulika na chokaa.

Jirani wa kwanza alikuja kanga kichwani, anatembea polepole. Wa pili alikuja na mzigo wa kuni. Kisha wanaume wakaja na mabenchi, wakakaa nje kimya, kofia zimewakaa sawasawa. Shangazi alitoka na brashi mkononi, chokaa puani, na bibi mmoja wa nyumba ya pili, rafiki yake wa tangu ujana, akamkumbatia.

"Pole, mwenzangu," alimwambia. "Afadhali mmepata habari."

Shangazi aliishika kanga ya yule bibi, na nikaona kilio kinakuja, kile kilichokuwa kimezuiwa muda wote ule. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Ndipo Baba akatokea na ndoo.

"Hapa hakuna msiba," alisema. "Tunapaka chokaa."

Shangazi akafunga mdomo. Watu wakatazamana, wengine wakatazama chini. Nilimkasirikia Baba siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu mzima, na ningesema, kama yule bibi asingenitangulia.

"Basi tutapaka," alisema, akijifunga kanga kiunoni. "Kuni zikishakuja hazirudi."

Hivyo ndivyo chumba kile kilivyopakwa na mtaa mzima. Wanawake walipokezana brashi, wengine wakabandika wali na maharage, wanaume wakapigilia rafu wakibishana juu ya misumari. Kufikia alasiri, kuta zilikuwa zimeanza kukauka, za rangi niliyoitaka hasa. Hakuna aliyetoa pole tena. Lakini kila mwanamke aliyeaga aliushika mkono wa shangazi akachelewa kuuachia.

Nitasema kweli, kilikuwa chumba cha kufanyia kazi. Asubuhi jua liliingia kwa dirisha langu na jioni kwa dirisha la Baba, na kila mmoja alikuwa na saa zake za kumwonea mwenziwe wivu. Meza yake haikutikisika tena. Nilijifunza kukanyaga cherehani anapovuta karatasi, naye akajifunza kunyamaza ninapopima. Wateja wakazidi, kwa sababu watu hupenda kuketi mahali panapopendeza. Sare za shule nilizishona pale, na magauni ya harusi. Wateja wa Baba wengi walikuwa wa ng'ambo na wa Burundi, wanaotafuta ndugu zao. Aliwauliza kwa upole: alionekana mwisho wapi, alivaa nini. Barua za namna hiyo aliwaandikia watu wote. Ya kwake hakuiandika.

Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja Mrundi, mwenye sauti ndogo, aliyekuwa akimtafuta mumewe. Alikuwa amekuja mara kadhaa. Siku moja alipoingia, Baba alichomeka karatasi kabla hata hajaketi.

"Usiandike tena, mzee," yule mama alimwambia. "Nimechoka kumtafuta. Sasa nataka nimlilie, nipumzike."

Baba alibaki na vidole juu ya herufi. Alimwambia pole. Yule mama akanywa maji, akaondoka, na karatasi ile ikakaa kwenye taipureta siku nzima bila neno.

Alhamisi ya wiki hiyo Baba aliingia na shati. Lilikuwa la binamu. Nguo zake shangazi alizihamishia chumbani kwao siku ya chokaa. Shati jeupe la mikono mirefu, la kuendea harusini. Akalilaza juu ya cherehani yangu.

"Mikono mirefu kwangu," alisema. "Nipunguzie. Nataka kulivaa kesho msikitini."

Nguo za mtu hugawiwa nduguze msiba ukishapita. Kabla ya hapo hakuna azigusaye, maana mwenyewe atazitaka. Baba alilijua hilo kabla sijazaliwa. Niliushika mkono wa shati.

"Nikunje tu, Baba?" nilimuuliza. "Nikikunja, unaweza kufumuliwa."

Alitazama nje, kisha akanitazama mimi.

"Kata," alisema.

Nikakata. Machozi yalinizuia kuona alama za chaki, ikabidi nipime mara mbili.

Kesho yake alijitayarisha mapema, akatoka uani amelivaa. Shangazi alikuwa akichambua mchele. Akaweka ungo chini, akamwendea, akamshika kifundo cha mkono kana kwamba anamfunga kifungo. Nilimwona akigeuza upindo kwa kidole gumba, akitafuta kitambaa kilichokunjwa kwa ndani. Hakukipata.

"Limekukaa," alimwambia.

Kisha akaketi chini palepale akalia kwa sauti, akimwita mwanawe kwa jina, na mlango kwa mlango watu wakaanza kutoka. Baba akaketi kando yake na shati lake jeupe. Ijumaa hiyo alichelewa msikitini.